Habari za Bwana Kola, Aliyejishona Upya Ili Amshushe Mamaye Ngazi

Njooni, enyi wapita njia na wakaa vibarazani, enyi mlioleta suruali zipunguzwe na nyinyi mliokuja kukaa tu na kumaliza maji yetu ya kunywa; njooni msogee, mkae, mfunge midomo, maana nataka kunena. Nitawasimulia habari za vita ambavyo havikupigwa kwa upanga wala kwa mkuki, bali kwa pasi mbili za mkaa, majora ya kitambaa cha bluu na gunia moja la vipande. Na aliyevipiga alikuwa mtu mmoja, na adui wa kwanza aliyemwangusha alikuwa yeye mwenyewe. Wewe unayetafuna karanga, ama utafune kimyakimya ama utoke nje. Habari kama hii haisimuliwi juu ya kelele za karanga.

Ewe kumbukumbu, mwana wa mvuke na makaa, wewe uliyenikalia kichwani miaka yote hii nikinyoosha mikono ya mashati ya watu, usinitupe mkono leo. Nipe pumzi ndefu, nipe maneno mazito, na ukiweza unipe na kikombe cha chai, maana habari ni ndefu na koo ni langu mwenyewe.

Mwataka kujua mimi ni nani hata niseme hivi? Mimi ni mpiga pasi. Meza yangu iko chini ya ngazi, ndani ya duka hilohilo, na hakuna kilichopanda wala kilichoshuka ngazi ile nisikione. Wapo watakaowasimulia habari hii vinginevyo. Waongo wale. Hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, na moja ya pasi zile mbili ilikuwa yangu, na ya pili pia ilikuwa yangu, na hakuna aliyeniomba.

Basi palikuwa na duka la ushonaji, lenye dirisha pana litazamalo barabara. Na juu ya duka palikuwa na nyumba. Na kati ya duka na nyumba palikuwa na ngazi. Mungu amsamehe aliyeijenga ngazi ile. Ni ya saruji, nyembamba, imepinda katikati kama kiwiko, na vidato vyake hakuna viwili vilivyolingana urefu. Huku juu aliishi Bi Mkubwa, mwanzilishi wa duka, aliyetufundisha kazi sisi sote. Huku chini walitawala mwanawe na mkaza mwanawe, kila mmoja na himaya yake: mume alishona mashati, mke alishona suruali. Mume hakugusa suruali, mke hakugusa shati, na mpaka wa nchi zao ulipita palepale penye mkanda wa mteja.

Mume tulimwita Bwana Kola, maana kola zake zilisimama wima hata shati likiwa limelala. Alikuwa mrefu, mwembamba, kifua bapa, mtu ambaye nguvu zake zote zilikaa katika ncha za vidole na katika ulimi. Na ulimi ndio uliokuwa na nguvu zaidi. Hakuweza kuomba chumvi bila hotuba. Mke tulimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilolishona halikufumuka, wala neno alilolisema.

Zamani Bi Mkubwa alishinda dukani, dirishani, kwenye cherehani yake nyeusi, akishona, akisalimia barabara nzima, akitukemea. Magoti yalipomgomea, mwanawe mkubwa, aliyeitwa Pandikizi kwa ukubwa wa umbo, alimshusha kila asubuhi na kumpandisha kila jioni, kama mtu anayehamisha mto. Kisha Pandikizi akapata kazi nchi ya mbali, akatuaga, akaenda zake. Bi Mkubwa akabaki juu. Cherehani yake ikafunikwa kitambaa cheupe, na duka likawa kimya kiasi kwamba nilianza kusikia pasi yangu ikipoa.

Ndipo Bwana Kola alipopiga moyo konde. Asubuhi moja alipanda, akasimama mbele ya mamaye, mkono kifuani, akanena: "Ewe mama uliyenizaa, uliyenilea, uliyenifundisha kutia uzi sindanoni kabla sijajua kujifunga viatu! Kaka ameondoka, lakini nyumba haikuishiwa wanaume. Leo mwanao wa pili atakushusha, na barabara itakuona."

Bi Mkubwa akamtazama juu mpaka chini, na safari hiyo ilikuwa ndefu lakini haikuwa na upana.

"Utaniangusha," akasema.

"Siwezi kukuangusha, mama!"

"Haya. Mimi nimeshasema."

Akambeba mikononi, kifuani, kama wanavyobeba mashujaa wa kwenye picha. Kidato cha kwanza akakishinda. Cha pili akakishinda kwa taabu. Cha tatu, enyi mnaonisikiliza, mgongo wake ukalia ka! nikausikia mimi hapa mezani. Sitamdhulumu: hakumwangusha. Alimteremsha polepole mpaka mama akakaa salama juu ya kidato, lakini yeye mwenyewe akabaki amekunjika kama shati nililolimaliza, pua inatazama magoti, akisema, "Kidogo tu, mama, nipe kidogo tu." Mama kaketi, mwana kainama, na hakuna wa kumwinua mwenzake.

Mlangoni alikuwa amesimama mchukuzi atuleteaye majora ya kitambaa, mtu mwenye mabega mapana kuliko kabati letu. Akaweka mzigo chini, akavua kofia. "Shikamoo, mama. Niruhusu nikushushe. Si kazi hata kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, mimi nilikubeba lini?"

"Hukuwahi kunibeba, mama."

"Basi na wewe hunibebi. Sibebwi na mtu ambaye mimi sikumbeba."

Akageuka palepale alipoketi, akashika ukuta, akarudi juu kinyumenyume, kwa makalio, kidato kwa kidato, akikataa kila mkono ulionyooshwa, pamoja na wangu. Siku ile hatukucheka hata mmoja.

Jioni yake akatuita. Akasema kwa sauti ya kawaida, bila hasira, na hilo ndilo lililotuuma, maana tulijua Bi Mkubwa akikasirika ni mzima. Alisema: "Ile cherehani yangu inakula nafasi bure pale dirishani. Msimu wa sare ukiisha, tafuteni msichana anayeanza kazi, apewe. Chuma kisikae bure."

Bwana Kola akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hotuba haikutoka. Akasema tu, "Mama, ngoja kwanza."

"Nitangoja mpaka jora la mwisho la bluu liishe mezani. Likiisha, iondoke."

Mnielewe vizuri. Kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa, duka letu hujaa majora ya kitambaa cha bluu, yamepangwa ukutani mpaka juu. Hayo yalikuwa muda wote wa Bwana Kola. Kila sare iliyokatwa ilikuwa siku inayopungua. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizikata.

Hapo ndipo shujaa wetu alipoamua kuujenga mwili wake kwa mpango. Siku ya pili aliondoa kila kitu juu ya meza ya kukatia, akachukua chaki, akajichora. Nami nilisogea na kikombe changu, nikashuhudia. Alichora kifua, mabega, mikono na shingo, basi, kisha akapanga siku zake kwa sauti ya mtu anayewapanga majemadari: "Siku ya kwanza, kifua! Siku ya pili, mikono! Siku ya tatu, kifua tena, kisije kikasahau! Siku ya nne, mabega na shingo! Na tangu leo hakuna kulala mchana!"

Msimcheke bado. Fundi hufikiri kwa kazi yake. Mtu huyu tangu ujana alikuwa amewapima watu kuanzia mkanda kwenda juu, na kioo cha upande wake wa duka kilitundikwa kwa ajili ya wateja wa mashati, kikaishia kiunoni. Kwake yeye binadamu alikuwa kitu chenye kola na vifungo. Kilichokuwa chini ya hapo kilikuwa ni shughuli ya mkewe.

Basi vita vikaanza. Akatwaa pasi zangu mbili, zile nzito za chuma, akazimwaga majivu, akawa anazipandisha na kuzishusha mbele ya kioo akihesabu kwa sauti ya radi. Akalala juu ya benchi akisukuma majora kuelekea dari. Akaushika ukingo wa meza akajisukuma, akajisukuma, meza ikasogea mpaka ikafika mlangoni. Wateja wakasubiri. Mashati ya hoteli nzima yakakunjamana mbele yangu, na nilipolalamika akaniambia, "Ewe mpiga pasi, chuma hiki sasa kinanyoosha taifa!" Taifa gani, sikuambiwa.

Na kifua kikatoka, tusimnyime haki yake. Asubuhi moja alivuta pumzi kwa majivuno, kifungo kikaruka, kikatua katika chai ya Mama Pindo. Akakitoa kwa kijiko, akakiweka kando, akaendelea kunywa. Lakini mimi niliona jambo jingine: mabega yalikuwa yakivutwa mbele, na mwanamume alianza kutembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Akasema yuko tayari. Akachukua gunia letu la vipande, lile tunalotia mabaki ya kila kinachokatwa, akalishindilia mpaka akaona limekaribia uzito wa mamaye, akalipandisha juu kwa kuliburuta ili aje alishushe kwa utukufu. Akalikumbatia kifuani. Akatangaza toka huko juu: "Tazameni!"

Tukatazama. Kifua kilikuwa imara. Mikono ilikuwa imara. Lakini magoti, ambayo hakuna aliyeyaambia kuwa kuna vita, yalianza kugongana. Na alipofika penye kona ya ngazi, paja la kushoto likamuaga. Gunia likaponyoka. Likashuka peke yake, likirukaruka kwa furaha, likapiga ukuta, likapinda kona vizuri kuliko yeye, likaivamia meza yangu. Hapo ndipo palipotokea maafa. Karai la maji lilipinduka. Mashati meupe niliyokuwa nimeyamaliza, yenye kola zao, yenye heshima zao, yalianguka chini moja juu ya jingine kwenye majivu. Nilisimama katikati ya majeruhi wangu, nimelowa, na mdomoni sina neno linalosemeka mbele ya watu wazima.

Hapo sauti ya Bi Mkubwa ikashuka toka juu.

"Huyo aliyeanguka ni mimi?"

"Hapana, mama!" Bwana Kola akajibu, ameketi kwenye kona ya ngazi. "Ni gunia!"

"Ahaa. Nilitaka tu kujua kama nimefika salama."

Ndipo Mama Pindo akaweka mkasi chini. Jueni kwamba mwanamke huyu hauweki mkasi chini ovyo. Akaja mpaka mezani, akautazama ule mchoro wa chaki, akamwita mumewe kwa kidole.

"Baba watoto, hebu njoo. Hiki ulichochora ni nini?"

"Ni mimi," akasema Bwana Kola, "jinsi nitakavyokuwa siku ile ambayo—"

"Hili ni shati. Umejipangia shati. Suruali iko wapi?"

Bwana Kola akauinamia mchoro, akatafuta.

"Mama atashuka ngazi kwa kola? Ngazi inashukwa na nini, na vifungo? Halafu hata hilo shati lenyewe ni nusu. Umekata mbele na mikono, nyuma hukukata. Mtu wako akigeuka yuko uchi. Wewe mteja ukimpa shati la hivyo si atakurushia?"

"Atanirushia," akakiri.

"Lete chaki."

Enyi mlio hapa, zimewahi kufanyika karamu kubwa na mikutano ya wenye vyeo, lakini mimi sijaona baraza lililofanana na lile la meza ya kukatia. Kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, fundi wa suruali alivuka mpaka akaingia nchi ya mashati, na mwenye nchi hakupinga. Alimchora mtu mzima, toka kisogo hadi kisigino, mbele na nyuma, vipande vyote vya nguo, akavieleza kimoja kimoja.

"Mbele ya shati unayo, ni kusukuma. Kusukuma kumetosha, tena ukupunguze. Nyuma ya shati ni kuvuta. Kila ukisukuma, uvute. Tunafunga lastiki ya viunoni kwenye nondo za dirisha, ile pana, unavuta viwiko nyuma mpaka mabega yarudi yalikotoka. Unaona ulivyo sasa? Umekaa kama mkono wa kushoto ulioshonwa kulia."

"Endelea," akasema Bwana Kola kwa unyonge.

"Mbele ya suruali ni paja. Jora mabegani, unachuchumaa, unasimama. Nyuma ya suruali ni makalio na ile misuli ya nyuma ya paja. Gunia liko chini, unainama kwa nyonga, mgongo umenyooka kama rula yangu, unaliinua. Siku ile ulipokunjika, uliinama kwa mgongo. Mkanda wa suruali ni tumbo lote kuzunguka mpaka nyuma. Unalala kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili mmoja, hakuna kulegea katikati. Mkanda ukilegea yote yanashuka, hilo nalo nikwambie?"

"Na mifuko?" akauliza mumewe, na nadhani alitania, lakini Mama Pindo hakuwa na masihara kazini.

"Mifuko ndiyo inayobeba. Pasi moja kila mkono, unatembea toka mlangoni mpaka nyuma ya duka na kurudi, bila kuinama upande. Na yote hayo unayafanya siku moja, nguo nzima, kidogokidogo kila kipande. Hakuna siku ya kifua tena. Halafu siku inayofuata unapumzika."

"Kupumzika!" Bwana Kola akaruka. "Adui yuko mlangoni, majora yanapungua, na wewe mke wangu waniambia nilale?"

Kabla hajajibiwa, sauti ikashuka toka juu. Bi Mkubwa alikuwa akisikiliza muda wote.

"We kijana! Kitambaa kipya ukikilowesha, unakikata siku hiyohiyo?"

"Hapana, mama. Nakianika kwanza, kirudi, kipungue chote, kikae."

"Kwa nini?"

"Kikikatwa mapema nguo itamvuta mtu."

"Basi na nyama yako ianike."

Mpango ukapita. Wakakubaliana pia kwamba mizigo ianze midogo, kwa vile hata nguo hupigwa bandi kwanza, ule mshono mlegevu wa mkono wa kujaribia, kabla haijawekwa chini ya mashine. Mama Pindo akaandika yote pembeni mwa mchoro, na akaapa kwamba atakayeufuta atashonewa suruali yenye mguu mmoja.

Kuanzia hapo niliona kazi, si maonyesho. Alianza na gunia nusu tupu, akaona aibu, akavumilia. Alivuta lastiki dirishani mpaka wapita njia wakauliza anamfukuza nani. Alichuchumaa na jora mabegani huku akimweleza mteja habari za kola. Mara ya kwanza mapaja yalipoingizwa kazini alishuka ngazi kinyumenyume akilia kama mtoto, na Mama Pindo akamwambia, "Karibu kwenye suruali."

Na hapa nisikilizeni, maana hili hakulipanga mtu. Majora yalivyozidi kukatwa, ndivyo yalivyozidi kuwa mepesi mabegani mwake; lakini vipande vyote viliingia gunia lilelile, na gunia likazidi kunenepa. Kila sare iliyomnyima muda ilimwongezea mzigo wa kuinua. Jumatatu lilikuwa zito kuliko Ijumaa iliyopita, na yeye akaliinua vilevile, mgongo umenyooka, akashangaa mwenyewe.

Siku za mapumziko ndizo zilizotutesa. Alikuwa akizungukazunguka kama mbwa aliyefungiwa, anatafuta cha kuinua. Siku moja nilimwona akinyemelea pasi yangu. Nikaikalia. Ilikuwa bado ina moto kidogo. Hayo nayo yaandikwe katika hesabu ya waliojitolea.

Siku ikafika. Jora la mwisho la bluu lilitandazwa asubuhi, likawa sketi na kaptula, na mkasi wa Bwana Kola ukafika mwisho wa kitambaa ukakata hewa. Kila mtu aliusikia. Mchukuzi alikuwa ameitwa kuja kuichukua cherehani, akasimama mlangoni na kamba zake, hajui atazame wapi. Bwana Kola akaweka mkasi, akafuta mikono, akapanda ngazi. Nawaambia ukweli, kama angeshindwa siku ile, yule mama asingekubali tena kushushwa. Angekaa juu, atulie, afe polepole kwa adabu, na sisi tungeendelea kushona.

Nilisogea nikasimama chini ya ngazi. Nikamsikia shujaa akianza: "Ewe mama uliyenizaa, uliyenilea—"

"Acha hotuba. Chuchumaa."

Akachuchumaa. Safari hii hakumbeba kifuani, alimpa mgongo. Bi Mkubwa akamzungushia mikono shingoni, na mwana akamshika magoti yale mabovu kama anavyoshika hariri. Mama Pindo akashuka mbele yao kinyumenyume, mikono tayari, hasemi kitu.

Akasimama. Mapaja yakamsimamisha. Mgongo ukanyamaza. Kidato cha kwanza. Cha pili. Cha tatu, kile kidato msaliti, akakikanyaga katikati na kukipita bila kukisalimu. Wakafika penye kona. Mguu wake ukawa unapapasa, unatafuta ukingo; akasimama. Mchukuzi mlangoni akaacha kupumua, na mimi nikamfuata.

"Umechoka?" mama akauliza sikioni mwake.

"Napumua, mama."

"Pumua. Mimi siendi popote." Kisha akaongeza: "Wewe ulikuwa mzito kuliko mimi, ujue. Na mimi nilikuwa na ndoo mkononi."

Eeh, enyi watu! Akacheka! Mtu amembeba mamaye mgongoni, penye kona ya ngazi mbaya kuliko zote duniani, na kicheko kinamkamata! Mabega yakatikisika, Bi Mkubwa akatikisika pamoja nayo, Mama Pindo akapiga yowe la "We!" Lakini tumbo likashika. Mkanda ule, uliolazwa kwa viwiko asubuhi baada ya asubuhi, ukakaza pande zote, kicheko kikapita kama mtikisiko wa lori barabarani, na mtu akabaki wima. Akageuka kona. Akashuka vilivyobaki kimoja kimoja, kidato kwa kidato, mpaka kiatu chake kikagusa sakafu ya duka.

Hakumshusha hapo. Alivuka naye duka lote, akampitisha mbele ya kabati la vifungo, mbele ya meza yangu, mpaka dirishani. Akachuchumaa taratibu, mgongo umenyooka, akamkalisha kwenye kiti chake. Akasimama pembeni, jasho linamtiririka, mdomo wazi, na hotuba hakuna.

Bi Mkubwa akaondoa kile kitambaa cheupe, akakikunja, akakiweka mapajani. Akapitisha kiganja juu ya cherehani mara moja tu, kama anayepangusa vumbi. Barabarani mtu akapiga kelele, "Bi Mkubwa huyo! Shikamoo, Bi Mkubwa!" naye akainua mkono. Mimi nililia. Msiseme ni mvuke, pasi zilikuwa baridi.

Mchukuzi akakohoa mlangoni. "Shikamoo, mama. Samahani, niliambiwa nije nichukue cherehani."

Akamtazama, akautazama ule mgongo wa mwanawe uliolowa.

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu. Cherehani ina mwenyewe."

Basi na iandikwe, na isomwe kwa watoto wenu na watoto wa watoto wenu: kwamba palikuwa na fundi wa mashati aliyejipima upya kwa mkono wa mkewe, akajikata mbele na nyuma, juu na chini, akajipiga bandi, akajianika, akajishona, na kwamba akamshusha mamaye ngazi moja, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, akamrudisha jioni bila kugusa ukuta, na kesho yake, ingawa ilikuwa siku ya kupumzika, akamshusha tena kwa amri ya mama mwenyewe. Majeshi yamehama mabonde kwa kelele zisizofika nusu ya zile tulizopiga. Mchoro wa chaki ungalipo mezani mpaka leo, na anayekata kitambaa hapo huuzunguka.

Saa ileile, kabla hata jasho halijamkauka Bwana Kola, Bi Mkubwa alikuwa ameshaokota shati la sare lililokuwa karibu, akaligeuza, akalileta karibu na macho.

"Nani kaishona kola hii?"

"Mimi, mama," akasema shujaa.

"Imepinda."

Tukashangilia mpaka barabara ikasimama. Baadaye nililichukua shati lile nikaliweka mezani kwangu, nikaitazama kola ile kwa makini. Ilikuwa imepinda kweli.